Kupika geto Mtwara ukiwa na jiko la plate moja na muda hauna

Mkuu mleta uzi, umesema unasoma Mtwara mjini, chumba kimoja, mtungi mdogo wa gesi, jioni unarudi umechoka na unaishia chipsi. Nilisoma hapo hapo, nimepanga Chikongola, na vyombo vyangu vilikuwa sufuria mbili, kikaango na kinu kidogo. Vinatosha kabisa.

Kinachomaliza gesi ni kunde, mbaazi na maharage, na hivyo ndivyo vinavyoshibisha kwa hela ndogo. Usivipike kila siku. Roweka usiku, asubuhi mwaga yale maji, tia mengine, injika huku unaoga na kujiandaa. Choroko hata usiporoweka zinaiva. Maharage mekundu ndiyo usiyafanyie haraka: yatokote sawasawa kwa dakika 10 za mwanzo, halafu punguza moto mpaka yalainike, maana yakiwa nusu mbichi yana sumu, utatapika na kuharisha.

Sasa nazi. Watu wanaunga sufuria nzima siku ya kwanza, na kwa joto la huku, bila friji, kesho mchana mboga imechacha. Chemsha na chumvi tu. Chota ya leo, kaanga kitunguu na nyanya, ichanganye, ndipo utie nazi. Iliyobaki itokote tena usiku, funika, mwiko usiingie humo mpaka asubuhi, uichemshe tena kabla ya kutoka. Siku ya pili iishe. Wali usiufanyie hivyo! Wali uliolala kwenye joto unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo haitoki hata ukiupasha. Pika wa kuisha.

Tena kukuna nazi kwenye mbuzi ndani ya chumba chenye kitanda na meza ni vurugu tupu, machicha mpaka kwenye daftari. Mimi nilihamia korosho. Zile nzima nyeupe waachie wanaobeba zawadi za Dar, wewe ulizia vipande vilivyobanguliwa ambavyo havijakaangwa, bei yake ni nafuu. Twanga mpaka unga uanze kushikana kwa mafuta, uvuruge na maji ya uvuguvugu, mwagia kwenye mchicha au matembele yakikaribia kuiva. Moto mdogo, na usiache kukoroga, maana zinashika chini upesi kuliko nazi. Rojo likiwa zito, epua. Mboga hiyo na ugali wa muhogo, chipsi utazisahau mwenyewe.

Samaki wabichi ni wa siku ambayo huna kipindi: wahi feri, kwenye soko la samaki, asubuhi, pika siku hiyo hiyo. Katikati ya wiki tumia dagaa wakavu. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto, kaanga na nyanya, kamulia limao. Wanaliwa na mifupa, kwa hiyo kalsiamu unaipata. Limao lenyewe linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na majani, wakati chai ya rangi inayazuia, kwa hiyo chai inywe baadaye, usishushie chakula. Ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, naye ni mzuri ila mroweke kwanza, chumvi yake si ya mchezo.

Siku ukizidiwa kabisa, nunua ming'oko (ile mizizi ya porini) ya kuchemsha barabarani, ule na mboga iliyopo geto.

Gesi ikiisha kabla bumu (hela ya mkopo wa chuo) halijaingia, utarudi kwenye mkaa kama sisi wote. Jiko likae nje, hata mvua ikinyesha. Usiliwashe chumbani umefunga mlango, wala usiliingize ndani eti makaa yamebaki kidogo: ile hewa haina harufu na inaua mtu usingizini. Muombe mama mwenye nyumba kona ya baraza. Wangu alikubali, ila korosho zake zote nikawa natwanga mimi.