Jumba Ambalo Halikujengwa

Mmeuliza wiki hii ni kiongozi gani aliyeuachia mji wako kitu unachokitumia hadi leo. Wengine watataja waliojenga barabara na masoko. Mimi namtaja mtetezi wa mazingira, Profesa Wangari Maathai, na alichoniachia ni nyasi.

Nilipokuwa nikifanya vibarua katikati ya Nairobi, chakula changu cha mchana kilikuwa njugu za shilingi kumi na usingizi wa nusu saa kwenye nyasi za Uhuru Park, bustani ya umma. Unavua viatu unavifanya mto, maana ukiviweka kando huvikuti. Ukifumbua macho, mpiga picha amekusimamia: "Nikutoe moja, mkubwa?" Ukikataa anakwenda zake. Niambieni ni wapi pengine katika jiji hili mtu anakaa saa nzima bila kununua kitu na bila askari kumuuliza shida yake.

Mwaka 1989 ilibaki kidogo pale pajengwe jumba la ghorofa 60, makao ya gazeti la chama tawala, KANU, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Wangari akashika kalamu. Aliandikia Ofisi ya Rais, tume ya jiji, mashirika ya Umoja wa Mataifa, hata balozi wa Uingereza, akitaka kujua kama kwao wangekubali mnara wa namna hiyo ndani ya Hyde Park, bustani yao ya London. Alikwenda Mahakama Kuu, kesi ikatupwa. Bungeni walimcheka, yeye na wenzake wakaitwa kundi la wanawake walioachika. Rais naye akasema mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake la kupanda miti, Green Belt Movement, likatolewa ofisini, ikabidi kazi ihamie nyumbani kwake.

Tusidanganyane, pesa nazo zilichangia: wafadhili wa nje waliingia baridi, na mradi ukafa. Lakini wangeogopa nini kama kila mtu angenyamaza alivyoagizwa?

Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alikwenda kupanda mti Karura, msitu uliokuwa ukimegwa na kugawiwa wajenzi. Walinzi wakamvamia na kumpasua kichwa. Alipoandikisha taarifa polisi, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Siku hizi tunaingia Karura kwa kulipa langoni (hilo bado sijalizoea), tunatembea chini ya miti ambayo ingekuwa majumba ya watu wachache.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na ibada ya mazishi ya kitaifa ikafanyika Uhuru Park hapo hapo. Tulikuwa sebuleni kwa shangazi, tukitazama kwenye runinga. Jeneza lilipotolewa, shangazi alisogea mbele kwenye kiti. Lilikuwa limesukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

"Serikali nzima imekosa mbao?" akauliza.

Tukamweleza kwamba marehemu mwenyewe alikataa jeneza la mbao. Akatazama kimya mpaka gari likaondoka.

"Basi kuna mti mahali fulani," akasema, "umesimama kwa sababu yeye amelala kwenye magugu."

Akaenda jikoni kuepua chai.