Maswali ya Wasomaji: Nani Aliiangusha Bandari ya Surat?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba kabla ya Bombay, bandari kuu ya magharibi mwa India ilikuwa Surat. Je, ni Waingereza walioiangusha? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, Waingereza walivuna pakubwa anguko hilo, lakini si wao walioanza kulisababisha. Surat, iliyo kando ya mto Tapti, ilinawiri kwa sababu nyuma yake ilikuwapo Dola ya Mughal, iliyotawala sehemu kubwa ya India, na kwa njia hiyo nguo na nili za bara zilishuka pwani kwenda bandari za Mocha (Yemen) na Basra (Iraq), huku mahujaji wa Makka wakipandia merikebu zao hapo hapo. Waingereza walipofungua ghala lao mwaka 1613 walikuwa wageni wa kuomba ruhusa. Hata Shivaji, kiongozi wa Wamaratha waliopigana na Mughal, alipoupora mji mwaka 1664, na tena mwaka 1670, wafanyabiashara waliinuka upya.

Pigo zito lilitoka bara. Baada ya Mfalme Aurangzeb wa Mughal kufariki mwaka 1707 dola ililegea, barabara za kwenda Agra, mji mkubwa wa bara, zikawa hatari, na mwaka 1722 utawala wa Safavi ukaporomoka Uajemi, soko la zamani la Surat. Watawala wa mji, waliokosa mapato, wakawageukia matajiri wao wenyewe. Mulla Muhammad Ali, mjukuu wa Mbohora mashuhuri Mulla Abdul Ghafur aliyemiliki merikebu nyingi, alifia kifungoni mwaka 1733 baada ya kugombana na mtawala. Kwangu mimi, kifo hicho chaeleza mengi kuliko mizinga yote ya Wazungu, kwa maana mfanyabiashara asiye na ulinzi kwao huutafuta kwingine.

Ulinzi huo ulikuwa Bombay, kisiwa ambacho Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikodishwa na mfalme wake mwaka 1668 kwa pauni 10 kwa mwaka. Mwaka 1736 fundi wa merikebu Lowji Nusserwanji Wadia alihamia huko kutoka Surat. Wenye mali wakapendelea kupakia shehena kwenye vyombo vyenye bendera ya Kiingereza, na nauli ikaondoka mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1759 Kampuni iliitwaa ngome ya Surat, ikiungwa mkono na baadhi ya mabaniani wenyewe, na mwaka 1800 ikachukua utawala wote wa mji. Ufumaji uliendelea Surat, lakini pamba ya Gujarat, eneo ilimo Surat, iliyokwenda China ilipakiwa Bombay.