Ukurasa wa ofisi ya afya: nani ana funguo, nani ana ruhusa ya kusema

Kurasa nyingi za ofisi za afya za wilaya huzaliwa haraka haraka wakati wa kampeni. Chanjo inaanza Alhamisi, Jumanne kijana wa mafunzo kazini anafungua Facebook na Instagram kwa namba yake mwenyewe. Miezi mitatu baadaye mafunzo yameisha, ameondoka, na ukurasa umeondoka naye. Kipindupindu kikiingia, wananchi wanaufuata ukurasa ambao hakuna mtu ofisini anayeweza kuposti neno ndani yake.

Kwa hiyo anzeni na funguo. Nunueni laini, isajiliwe kwa jina la taasisi, ikae kwenye simu ya ofisi. Ukurasa wa Facebook husimamiwa kwa kupeana ruhusa, kila mtu akiingia kwa akaunti yake. Mamlaka kamili wapewe waajiriwa wawili wa kudumu, si mmoja. Wengine waruhusiwe kuposti na kujibu tu. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, mchapishe misimbo ya akiba (ya kuingilia simu ikipotea) na kuifungia kwenye kabati la nyaraka. Mtu anapokabidhi ofisi, ruhusa yake ifutwe siku hiyo hiyo.

Sera ya kuendesha ukurasa isizidi kurasa mbili. Ya kurasa ishirini itasainiwa na kuwekwa kwenye faili, hakuna atakayeisoma usiku wa dharura. Inapokwama kazi ni kwenye idhini. Kama kila posti lazima ipite kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, naye yuko kwenye usimamizi vijijini, ujumbe unalala siku mbili huku uvumi ukitembea WhatsApp. Gawanyeni mambo. Ratiba za kliniki, namba 199 ya Wizara ya Afya ya Tanzania na ujumbe uliokwisha kupitishwa, afisa habari aposti bila kuuliza. Maelezo ya dawa na takwimu yapite kwa daktari aliyetajwa kwa cheo, na awepo wa kumkaimu. Kutangaza mlipuko si kazi ya ukurasa wa wilaya. Ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa Kagera mwezi Machi 2023, aliyetangaza ni Waziri wa Afya. Kazi ya wilaya ni kusambaza tamko hilo mara moja, kisha kuongeza lile ambalo wizara haiwezi kulijua: kituo gani kiko wazi, na maji ya kisima gani yasinywewe.

Ujumbe wa kuharisha uandaliwe kabla ya mvua. Pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari kwa anayeharisha), lita moja ya maji safi na salama, na ikipita saa 24 mwaga uchanganye nyingine. Picha ioneshe chupa ya lita moja, au mbili za nusu lita. Ukichora glasi, kuna mama atamimina pakiti nzima kwenye glasi. Chumvi itazidi na mtoto atadhurika zaidi. Tarehe, jina la wilaya na la ofisi viandikwe ndani ya picha yenyewe, maana WhatsApp itaikata kutoka kwenye maelezo yake, na tangazo la mlipuko wa zamani litarudi mwakani kama jipya. Na jamani, barua iliyoskaniwa yenye muhuri si posti. Kwenye simu ndogo haisomeki. Andikeni maneno yake, barua iwe kiambatanisho.

Kwenye picha za wagonjwa tuwe wakali. Kufifisha uso hakutoshi: kitenge, jina la zahanati na kovu la mkono vinamtambulisha mtu kijijini kwake. Kabla ya kuposti, kuza picha uangalie nyuma ya watu: rejista iliyo wazi mezani, kadi ya kliniki, ubao wenye majina na namba za vitanda. Ridhaa iwe ya maandishi, itaje mitandao itakayotumika, na mtu aelezwe kwamba anaweza kuiondoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Sharti hili liwafunge pia watumishi kwenye akaunti zao binafsi: hakuna kurekodi TikTok wodini.

Uvumi unajibiwa kwa kutanguliza ukweli, bila kuiposti tena picha ya uongo. Mama akiuliza kwenye komenti kama chanjo ya HPV inafunga kizazi, jibu linaweza kuwa hivi: “Hapana mama, haifungi kizazi. Inamkinga binti na virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Ni dozi moja, bure, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ukiwa na wasiwasi kuhusu binti yako, fika kituo cha afya kilicho karibu au piga 199.” Jibu kama hilo halimwiti mtu mjinga. Wasomaji wengine wenye hofu ile ile wanalipitia kimya kimya.

Malalamiko yasifutwe. Mtu akiandika kwamba alikaa tangu saa moja asubuhi bila kuhudumiwa, mjibuni na mfuatilie. Vinavyofutwa ni matusi, matangazo ya dawa, na taarifa za mgonjwa. Pigeni skrini shoti kwanza, mwandike kwenye daftari nani alifuta na kwa nini.

Inboksi ndiyo husahaulika. Mtu anaweza kutuma picha ya kipele sehemu za siri saa sita usiku. Ujumbe unaojituma wenyewe uwashwe: useme ukurasa unajibiwa saa ngapi, kwamba hapa hapatolewi vipimo wala dawa, na kwamba anayetokwa damu, anayeshindwa kupumua au mwenye degedege aende hospitali sasa hivi asisubiri jibu. Asubuhi, mwenye zamu amwelekeze aliyetuma kituoni na kuifuta picha hiyo kwenye simu ya ofisi.