DBS kwa anayeenda kusoma Uingereza: mimi iliniliza kwa majina na anwani, wala sio makosa

Mdogo wangu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa waliochelewa kuingia, huyu dada kapata nafasi ya kusoma ustawi wa jamii chuo kimoja England, kwenye barua kaambiwa lazima afanyiwe DBS (ukaguzi wa rekodi za polisi) kabla hajaenda fildi kwa sababu atakuwa na watoto na wazee wasiojiweza, na mwaka juzi aliwahi kulala mahabusu usiku mmoja kwa ugomvi na mwenye nyumba, asubuhi ndugu wakaja wakayamaliza palepale kituoni, mahakamani haikufika. Anauliza aseme au akaushe. Na watu watatu hapo juu wameshamjibu akaushe, eti mzungu atajuaje mambo ya Mbagala.

Mi napinga. Nimesoma kozi hiyohiyo, niliingia Septemba 2019, na hiyo DBS ilinitoa jasho kuliko utafiti wa mwaka wa mwisho, wakati sina hata kesi ya kuiba kuku.

DBS kirefu chake ni Disclosure and Barring Service, ofisi ya serikali inayohudumia England na Wales (ukienda Scotland kuna kitu kinaitwa PVG, Ireland ya Kaskazini wana AccessNI, kwahiyo yule aliyesema kaka yake wa Glasgow hakufanya DBS hajadanganya, alifanya nyingine). Ina ngazi. Ile ya chini kabisa unaweza kuomba mwenyewe hata ukiwa umelala kitandani. Yako wewe ni ya juu, kwenye karatasi imeandikwa Enhanced, na hiyo huwezi kujiombea, chuo ndo kinakufungulia. Wanaangalia kompyuta ya polisi kama una hatia au maonyo, wanawauliza polisi wa sehemu ulizoishi kama wana kitu wanachoona ofisi inatakiwa ikijue hata kama hukuwahi kuhukumiwa, afu wanaangalia orodha mbili za watu waliopigwa marufuku, moja ya kufanya kazi na watoto, nyingine na watu wazima wanaohitaji uangalizi. Aliyemo kwenye orodha akiomba tu hiyo kazi ni kosa la jinai, hata kabla hajaipata.

Sasa hapa wale wa "akaushe" wana kaukweli kadogo: hiyo kompyuta haioni Tanzania. Lakini wenye chuo wanalijua hilo kabla yako, ndo maana wanakudai cheti cha tabia njema cha polisi wa nchi ulikotoka, na sio ya kwenu tu, kila nchi uliyokaa muda wa kueleweka. Mimi hapo ndipo nilipoingia mtaroni.

Fomu inataka anwani zako zote za miaka 5 iliyopita bila kuruka hata mwezi. Mi nikaandika Tanga, Tanga, Tanga, England. Nikasahau Nairobi. Na sio kusahau kabisa, niseme ukweli, ni kwamba kichwani mwangu sikuwahi "kuhamia" Kenya, nilienda kumsaidia binamu kuuza simu pale Luthuli Avenue, nikasema naenda mwezi mmoja, ikawa miezi 14. Wapi umeona mtu wa Tanga anahesabu Kenya kama nje, si unapanda basi tu. Cheti cha polisi cha Tanzania nilikuwa nacho kabla sijasafiri, nilipeleka kitambulisho cha NIDA, picha, nikapigwa alama za vidole, nikajiona nimemaliza. Kufika chuoni, mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi anaikagua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, taratibu kama anachambua mchele, akafika kwenye mihuri ya Horohoro. Akaniuliza kwa upole kabisa, hapa ulikuwa unaishi wapi?

Nikataka kusema natembelea tu. Ilikuwa ulimini kabisa. Sijui nini kilinizuia, nadhani ni vile alikuwa ameshashika kalamu. Nikasema Nairobi, miezi 14. Akasema sawa, basi tunahitaji na cha Kenya. Hakukasirika wala hakuniona mwizi, akaandika tu.

Basi nikaanza kukitafuta nikiwa nimeshafika huku na baridi imeshaanza. Ikabidi nikapigwe alama za vidole kwa wino kwenye ile fomu yao ya C24, niitume kwa binamu, yeye alipe shilingi elfu moja na hamsini za Kenya kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali yao, aipeleke DCI, polisi wao wa upelelezi, kule Kiambu Road. Ya kwanza ikakataliwa, alama zilivujiana, hazisomeki. Nikarudia. Jumla wiki kumi. Wenzangu wameshaanza fildi wanarudi jioni na stori za familia walizotembelea, mi nipo maktaba nafungua emaili kila nusu saa. Kosa lilikuwa langu mwanzo mwisho, chuo kilinivumilia sana.

Kwahiyo kama uliwahi kukaa Kampala kwa shangazi, au Muscat kwa dada, au Lubumbashi kwenye biashara, kaa chini leo na kalamu uandike mwezi gani ulikuwa wapi. Cheti cha nchi nyingine kifuatilie ukiwa bado upo jirani nayo.

Na anwani zenyewe mtihani. Mi kwetu niliandika S.L.P. ya shule aliyokuwa anafundisha baba mdogo, maana ndo anwani niliyokariri toka darasa la tatu. Wakaikataa, sanduku la posta halilali mtu. Saivi kwetu kuna majina ya mitaa na namba za nyumba, nenda serikali ya mtaa uchukue ya kwako iliyo sahihi, usiandike "jirani na msikiti". Afu ukifika huku, ukifikia kwa ndugu, fungua akaunti ya benki haraka kwa anwani hiyohiyo, wanataka karatasi yenye jina lako na mahali unapolala ya miezi mitatu iliyopita, na bili za umeme zote zitakuwa za mwenye nyumba.

Majina sasa. Hapa naomba utulie.

Cheti changu cha kuzaliwa ni Athumani. Cha kidato cha nne mwalimu aliandika Othman. Pasipoti ikatoka Athuman bila i. Na jina la babu limo kwenye kimoja, kwenye viwili halimo. Kwetu hiyo sio habari, kila mtu ana majina matatu ya karatasi na moja la mtaani. Fomu ya DBS inakuuliza majina YOTE uliyowahi kutumia, na mimi nikajaza la pasipoti tu, nikaona mengine ni makosa ya karani, yananihusu nini.

Mwalimu wetu mmoja ndo alinielewesha kwa nini wanang'ang'ania. Agosti 2002, mji mdogo unaitwa Soham, mkoa wa Cambridgeshire, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa, Holly Wells na Jessica Chapman. Muuaji, Ian Huntley, alikuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari ya hapo. Miaka ya 90 alikuwa ameshatuhumiwa mara kadhaa kwa mambo ya wasichana katika eneo la polisi wengine kabisa, Humberside, hakuwahi kutiwa hatiani, na taarifa hazikutunzwa inavyotakiwa. Na kazi ya shule aliiomba kwa jina la Nixon, ukoo wa mama yake. Polisi walipoangalia waliangalia Nixon. Huntley hawakumuangalia. Baadae ikaundwa tume chini ya Sir Michael Bichard, ripoti ikatoka 2004, ndo ikazaa sheria ya 2006 ya kulinda watoto na watu wanyonge, na Desemba 2012 ofisi mbili zilizokuwepo zikaunganishwa ikawa hii DBS. Toka nisimuliwe hiyo sijawahi tena kulalamikia kile kisanduku cha majina mengine. Nilirudi ofisini siku ileile nikaomba waongeze Othman na Athumani.

We jaza yote. La ubatizo kama lipo, la mume kama uliolewa ukaachika, la cheti cha shule. Jina lililoandikwa halimdhuru mtu, linalokuja kugunduliwa baadae ndo linaleta maswali.

Haya, kulala mahabusu. Usijibu kwa woga, soma swali limeuliza nini. Kuna fomu zinauliza kama umewahi kutiwa hatiani au kupewa onyo rasmi, hapo wewe jibu lako ni hapana na ni hapana ya kweli, kulala kituoni sio hatia. Kuna nyingine, na kozi zetu hizi wanapenda, zinauliza kama uliwahi kukamatwa au kuchunguzwa. Hiyo ukijibu hapana umedanganya. Andika mistari mitatu: mwaka, kituo, ulikuwa ugomvi wa nini na uliishaje. Usiandike riwaya na usimtukane mwenye nyumba. Na cheti cha polisi kaombe sasa hivi kabla hujajaza chochote, uone kinasemaje, maana unaweza kukuta walikufungulia jalada na halijafungwa, bora ulijue ukiwa Dar.

Darasani kwetu kulikuwa na jamaa aliwahi kupewa onyo akiwa na miaka 15 kwa kuiba dukani. Alisema mwenyewe kwenye maombi. Wakamuita kwenye kikao, watu watatu, kama dakika arobaini hivi, wakamuuliza umejifunza nini, akatoka anatetemeka, wiki iliyofuata wakamruhusu. Leo anafanya kazi na watoto. (Siku hizi, tangu mwisho wa Novemba 2020, sheria zimelegezwa, onyo la utotoni la huko Uingereza halijitokezi lenyewe kwenye cheti cha DBS, kwahiyo kijana aliyekulia kule mambo yake nafuu.) Kulikuwa na dada mwingine, alihukumiwa kwa kuendesha gari kalewa, hakusema. Cheti kikatoka kinasema. Na alivyotusimulia mwenyewe, kwenye kikao pombe walimuuliza dakika tano tu, muda uliobaki wote ni kwa nini uliweka saini kwamba huna kitu. Hakuendelea na sisi. Kazi yenyewe ni kuingia nyumba za watu na kuandika ripoti mahakama iziamini, sasa kama umeanza kwa kuandika uongo kuhusu wewe mwenyewe, sijui unategemea wafanyeje.

Kitu cha mwisho ambacho hakuna aliyekitaja: bahasha. Cheti cha DBS hakiendi chuoni, kinakuja kwako kwa posta, karatasi, kimoja tu, chuo kinataka kukiona hichohicho. Kikishafika ukakipoteza hawakupi kingine, unaomba upya na kulipa upya. Changu kilikaa juu ya friji chini ya matangazo ya piza wiki tano, mwenzangu wa nyumba alidhani ni barua ya benki. Hasara niliyopata ni hii: kuna huduma yao ya kukiweka cheti hai kwa mwaka, kila unapoenda wanakiangalia mtandaoni badala ya kuanza upya, ila lazima ujiunge ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye cheti. Zilishapita. Nilipotafuta kazi ya kea wikiendi, ile ya kutunza wazee, ikabidi DBS nyingine, na ile nyumba ya wazee wakanikata hela yake kwenye mshahara wa kwanza. Enzi hizo ilikuwa pauni 40, tangu Desemba 2024 ni 49.50, na kujiunga na ile huduma ni 16 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe.

Na ukiwa unakiomba muulize mtu wa chuo kama wameandika watoto na watu wazima vyote viwili. Kikiandikwa watoto peke yake, kazi ya wazee hakikusaidii.

Aliyeuliza kule chini kama ni bure kwa sababu mwanafunzi wa fildi halipwi: hapana mkuu, bure ni ya wanaojitolea, na aliyeko kwenye mafunzo hahesabiwi kama anajitolea. Vyuo vingine vinakulipia, vingine unalipa mwenyewe, soma barua.

Mdogo wangu, kama yale maswali ya fomu yanakuchanganya yabandike hapa neno kwa neno, ila ufute jina lako na la chuo. Nipo mpaka saa nne usiku, kesho naingia zamu ya asubuhi.