Kwa mawakili wachanga: kuvunja ndoa ambayo Uganda haiitambui

Wadogo zangu, majuzi nimekuta mezani pangu rasimu ya ombi la kubatilisha ndoa. Imepangwa vizuri, vifungu vimenukuliwa sawasawa, bado muhuri tu ipelekwe Mahakama Kuu, Divisheni ya Familia. Mwombaji ni mwanamume. Mjibu maombi naye ni mwanamume. Ndoa ilifungwa Cape Town. Nyuma yake imebanwa hati ya kiapo ambamo mteja angeapa, mbele ya yule kamishna wa viapo wa ghorofa ya chini anayesoma kila aya kwa sauti, kwamba wameishi pamoja kama wanandoa hapa hapa Kampala, mtaa umetajwa. Nilikunywa maji kwanza. Aliyeiandika ni kijana mwenye bidii, kila asubuhi hunitangulia kufika ofisini, na kwa bidii hiyo hiyo alikuwa anamwandikia mteja wetu ushahidi wa upande wa mashtaka.

Si wa kwanza. Kila kundi linalotoka LDC, chuo chetu cha mafunzo ya uwakili, huniletea mmoja. Kwa hiyo naandika mara moja, msome, tusirudie.

1. Mahakama za Uganda si mahali pa jambo hili. Ibara ya 31(2a) ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 2005, imepiga marufuku ndoa ya watu wa jinsia moja. Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023 ikaja na kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayejidai kufunga ndoa hiyo, na kifungo cha maisha kwa tendo la ngono lenyewe. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipande vinne, kikiwemo kifungu cha 14 kilichowadai watu watoe taarifa, lakini sheria yenyewe ikabaki imesimama. Sasa wewe unampeleka mtu akaape nini? Na msinikimbilie na ibara ya 28(7), kwamba mtu hashtakiwi kwa jambo ambalo halikuwa kosa siku alipolitenda. Naijua. Kaisome kwa sauti kituo cha polisi Ijumaa jioni, uone kama mteja wako atalala kwake.

2. Kutotambuliwa hapa hakuifuti ndoa kule ilikofungwa. Hapa ndipo mimi mwenyewe niliharibu, na nitasema yote ili mnapocheka mcheke mkijua mnacheka nini. Mambo madogo nimeyabadilisha.

Alikuja dada mmoja aliyesoma Toronto. Huko alifunga ndoa na mwanamke mwenzake, nao wakaachana bila makelele. Yeye akarudi Kampala, mwenzake akahamia Nairobi. Swali lake lilikuwa fupi: "Wakili, nataka kuolewa na mwanamume hapa nyumbani. Ile ya kwanza nifanyeje?" Nilimjibu kabla chai haijapoa. Nilimfungulia Katiba, nikamwonyesha ibara kwa kidole, nikamwambia kile cheti ni karatasi ya kumbukumbu tu, akiweke kwenye sanduku na picha za mahafali. Kisheria yeye ni mseja. Kwa sheria ya Uganda sikukosea hata nukta, na hiyo ndiyo sumu yenyewe: nilijibu vizuri swali la nchi moja. Akalipa, akashukuru, akaapa kiapo cha useja, akaolewa kanisani. Mimi nilikula pilau ya harusi ile.

Baada ya muda mumewe akapata nafasi ya kazi Kanada. Fomu ya uhamiaji ikauliza: umewahi kuwa na ndoa nyingine? Akanipigia simu. Nami, badala ya kumwambia asubiri nisome, nikamwambia ajibu kama tulivyojibu Kampala: hapana. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa imekaa kwenye daftari la Ontario, jimbo lenye Toronto, haina taarifa na ibara yetu ya 31. Ikaja barua ya kutaka maelezo. Machoni pa Kanada yule dada alikuwa bado mke wa mtu, kwa hiyo ndoa ya kanisani haikuwa ndoa, na jibu lile la "hapana" lilikuwa uongo. Sheria yao ya uhamiaji humfungia mlango kwa miaka 5 mtu aliyepotosha maelezo, na walimfungia. Kibaya zaidi, mume alijua habari za ndoa ya kwanza kwa kuisoma barua ile. Mke wake hakuwa amemwambia, na mimi sikuwahi kumuuliza kama amemwambia. Nilikaa nao wote wawili ofisini siku hiyo. Mume alikuwa ananiita Wakili kila anapoanza sentensi, kwa adabu kabisa, na mimi nilitamani atukane.

Ukitaka kujua uzembe wangu ulikuwa na kina gani, soma inayofuata.

3. Kanada ilikuwa na mlango, na ulikuwa wazi siku ile dada anakuja. Zamani sheria yao ya talaka ilitaka angalau mmoja wa wanandoa awe amekaa kwenye jimbo mwaka mzima kabla ya kuomba. Watu walikuwa wanasafiri kwenda kuoana Toronto, wanarudi makwao, halafu hawawezi kuachana kokote. Januari 2012 kukawa na kelele kubwa: wanawake wawili, mmoja wa Florida na mwingine wa London, waliomba talaka, na wakili wa serikali akajibu kwamba ndoa yao haikuwa halali tangu mwanzo kwa kuwa makwao haikutambuliwa. Serikali ikaona aibu, sheria ikabadilishwa, na tangu tarehe 14 Agosti 2013 mambo ni haya: ndoa zile ni halali kwa sheria ya Kanada, na mahakama ya jimbo ilikofungwa ndoa inaweza kuivunja hata kama hakuna anayeishi huko. Masharti: wawe wametengana angalau mwaka mmoja, na kila mmoja wao awe amekaa mwaka mzima katika nchi ambayo haiwezi kumpa talaka kwa sababu haiitambui ndoa. Waombe pamoja, au mmoja aombe kwa ridhaa ya mwenzake. Ridhaa ikikosekana, inatakiwa amri ya mahakama kwamba mwenzake anaikatalia bila sababu ya msingi, hapatikani, au hana uwezo wa kuamua kwa sababu ya maradhi ya akili.

Pigieni mstari "kila mmoja wao". Siku dada alipokuja, yeye alikuwa Kampala na mwenzake Nairobi, masharti yametimia, na walikuwa wanaongea vizuri. Saini mbili tu. Nilipokuja kuamka, mwenzake alikuwa keshahamia Uholanzi, nchi iliyoruhusu ndoa hizi tangu 2001 na yenye mahakama ya kuzivunja. Mlango wa Ontario ukafungwa. Ikabidi shauri lifunguliwe huko Uholanzi anakoishi mwenzake, kwa wakili wa huko, kwa gharama ya huko, kuomba kitu ambacho kingepatikana kwa saini mbili. Nusu ya gharama ile nililipa mimi. Nilijitolea mwenyewe, na bado haikutosha.

4. Kila nchi na mlango wake, kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja ni "mlifungia wapi?" na la pili ni "kila mmoja anaishi wapi leo?" Afrika Kusini inafungisha ndoa hizi tangu 2006, lakini talaka yao inataka mmoja wa wanandoa awe na makazi ya kudumu kwenye eneo la mahakama, au awe anaishi hapo na amekaa nchini mwaka mzima. Mlango wa wageni kama wa Kanada haupo, na ndiyo maana rasimu ya kijana wetu ilielekezwa Kampala, kwa kukata tamaa. Uingereza na Wales ni wapole zaidi: kama ndoa ilifungwa huko na hakuna mahakama nyingine yenye mamlaka, yao inaweza kulipokea shauri ikiona haki inadai hivyo, na tangu Aprili 2022 huhitaji kumtuhumu mtu kwa lolote, ni kusubiri wiki 20, kisha 6. Marekani, uliza jimbo. California na Washington D.C. huwavunjia waliooana kwao ambao makwao hawawezi kuachana. Majimbo mengi yanadai ukaazi.

5. Usichape nyaraka hizi kwenye fotokopi za mtaani Wandegeya. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Kwenye risiti andika "ushauri wa kisheria", basi.

6. Usimkemee mteja, usimhubirie, wala usimuulize ilikuwaje. Padri anaye. Kuna mmoja wenu alimuuliza mteja "lakini kweli ulifikiria nini?" Ada hairudishwi, lakini yule mteja hakurudi, na sasa hakuna anayejua kama aliolewa tena na fomu gani anaijaza.

7. Kiwanja. Talaka ile ya Kanada ya wasio wakaazi huvunja ndoa tu, haigawi mali wala kuamuru matunzo. Kama wamenunua kiwanja hapa Uganda, tuseme Wakiso, kwa majina mawili, hilo ni shauri la ardhi na mkataba, na hapo mahakama zetu hazina tatizo: hatimiliki inataja wamiliki wawili, haiulizi walipendanaje. Angalia kama wanamiliki kwa pamoja au kila mtu na fungu lake, kwa sababu katika umiliki wa pamoja mmoja akifa anayebaki huchukua chote. Andika makubaliano ya kuuziana kama unavyowaandikia ndugu wawili au marafiki waliochangishana. Na mpeleke mpima ardhi kabla ya kitu kingine chochote; jirani wa Wakiso hasubiri hukumu ya Toronto ndipo asogeze jiwe la mpaka.