Kikao chetu cha afya kilivunjika kwa posho. Tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza. Mama yangu ana kisukari, baba alifariki kwa kiharusi, na darasani nina watoto ambao chakula chao cha saa nne ni chipsi na soda. Tuna klabu ya jogging ya watu 23 na kikoba cha akina mama. Tanga mjini, Korogwe na Pangani nako kuna vikundi kama chetu. Tuliitana kutoka wilaya hizo nne tuunde umoja wa mkoa wa kuhimiza ulaji bora na mazoezi. Tulikaa toka saa tatu asubuhi hadi saa nane tukigombania mwenyekiti, na wengine wakauliza posho iko wapi. Tukatawanyika. Nimevunjika moyo. Tuanzie wapi?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kumpoteza baba, na mama mfikishie salamu zangu.

Usiwalaumu sana walioulizia posho. Mliwaita kabla hamjawa na kazi ya kufanya pamoja, na mtu akitoka Pangani kuja kukaa kwenye kiti tu, ataulizia cha kurudi nacho. Nimekuwa muuguzi miaka 31, mingi kwenye kliniki ya kisukari na presha, na nilipostaafu nikaingia kwenye umoja kama huo unaoutaka. Wa kwetu ulianzia kwenye sahani ya mchicha.

Tulikuwa tukimaliza kukimbia tunapitia stendi kunywa chai kwa mama lishe mmoja. Sahani zake ni wali mlima, maharage, na pembeni mchicha kijiko kimoja, kama wa kuonjesha. Nikamwomba apunguze wali aongeze mboga. Akanifunulia sufuria. "Mama, haya ni mafungu manne. Tazama yaliyobaki." Mchicha ulikuwa umenywea, umelala chini kabisa ya sufuria. Kwa bei ya rejareja, akiongeza kijiko cha pili faida ya siku imekwisha. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia wagonjwa wale mboga, na sikuwahi kupiga hesabu ya fungu la mchicha. Iliniuma sana.

Mmoja wa wakimbiaji wetu alikuwa dereva wa fuso linaloshusha mboga kutoka Lushoto. Akatukutanisha na mkulima. Mama lishe sita wakaanza kununua pamoja kwa bei ya jumla mara tatu kwa wiki, na kikoba kikawakopesha mtaji wa kwanza. Mwezi wa pili mteja alikuwa anapata vijiko vitatu vya mboga kwa bei ileile. Mwalimu, hesabu walioshika kazi hiyo: mkimbiaji, dereva, mkulima, mama lishe, kikoba. Hakuna aliyedai posho, maana kila mmoja alikuwa na chake anachopata. Jina la umoja tulikuja kulitafuta mwaka uliofuata.

Kwa hiyo chagueni mambo mawili tu, wilaya zote nne, kwa miezi mitatu. Mimi ningechagua chumvi na Jumamosi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Nyumba ya watu watano ni gramu 25, basi paketi ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Kila mwanakikoba aandike kwa kalamu, juu ya paketi yenyewe, tarehe aliyoifungua. Mkikutana, kila mtu ataje ya kwake imekaa siku ngapi. Mimi nimeona nyumba ya watu wanne ikimaliza paketi kwa siku tisa, na mwenye nyumba aliyekuwa akiapa kwamba chakula chake hakina chumvi akanyamaza. Kipimo hicho hakihitaji mtaalamu, na Muheza mtaweza kulinganisha na Pangani kwa simu. Ila chumvi iwe yenye madini joto, hiyohiyo kidogo.

Jumamosi mnayo tayari. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Kila wilaya itoke kwake, saa ileile, nauli hakuna. Anayetaka akimbie, anayetaka aendeshe baiskeli, na baiskeli watu wa Tanga hawafundishwi. Siku hiyo iwe ya kuonana tu, maana mwili wa mtu mzima unahitaji angalau dakika 150 kwa wiki, nusu saa mara tano. Akina mama wapangieni kutembea kwa kasi alfajiri, kundi lao, na madira na mitandio yao. Najua kikundi kilicholazimisha jezi. Wiki iliyofuata hakuna mama hata mmoja aliyerudi.

Wanafunzi wako wanahitaji dakika 60 kila siku, na hapo mwalimu una uwezo kuliko mimi. Soda ya mililita 350 ina sukari vijiko vidogo vinane au tisa. Vipime mbele ya darasa, kimoja kimoja, kwenye glasi. Kisha nenda kwa anayeuza getini, ongea naye kwa heshima, aweke na machungwa. Muheza, nyumbani kwa machungwa, mtoto ananunua soda yenye ladha ya chungwa! Naomba hili mlishike kwa nguvu.

Fedha za wafadhili ziangalieni. Mwaka mmoja kampuni ya vinywaji ilitupa jezi, na sisi tukaruhusu soda za bure mwisho wa mbio. Wagonjwa wangu wawili wa kisukari walipewa chupa mkononi, nikiwa nimesimama pale. Toka siku hiyo hatupokei kitu kwa anayeuza kile tunachowaomba watu wapunguze.

Uenyekiti uzunguke, miezi mitatu kila wilaya. Nauli irudishwe kwa tiketi, posho hakuna, na lisemwe siku ya kwanza. Mkishapata siku zenu za chumvi, mpelekeeni afisa lishe wa halmashauri. Tangu 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakitia saini mkataba wa lishe, kwa hiyo naye ana matokeo anayodaiwa. Atawasikiliza.

SWALI: Mama, mimi ni bodaboda Korogwe, miaka 34, presha imeanza. Niko juu ya pikipiki toka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Mazoezi nifanye saa ngapi?

JIBU: Kijiweni mnapakia kwa zamu. Ukiwa wa mwisho kwenye foleni, mwachie mwenzako funguo, tembea kwa kasi dakika tano kwenda na tano kurudi. Mara tatu kwa siku ni nusu saa. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu viache, kunywa maji. Kama umeandikiwa dawa usiziache kwa sababu umeanza kutembea, na rudi kupimwa kila unapopangiwa. Kisha niandikie jina la kijiwe chenu, maana mwalimu wa Muheza hapo juu anatafuta watu wa Korogwe.