Ukuta au bustani? Kwanza someni mistari ya tope

Mkuu, umeuliza kama kiwanja chenu kando ya mkondo, kinachofurika mvua zikikutana na bamvua (siku bahari inapojaa kuliko kawaida), kijengewe ukuta au kigeuzwe bustani. Mimi ni msanifu wa mandhari, na jibu langu ni bustani, ila ichimbwe iwe chini kuliko nyumba.

Nasema hivyo kwa kuwa niliwahi kukosea. Mahali kama hapo tulichora mtaro wa zege ulionyooka, nyasi pembeni. Mvua kubwa ya kwanza ilikuta bahari imejaa. Maji yakakosa pa kutokea, yakarudi yakaingia majumbani. Mama mmoja alinishika mkono akanionyesha mstari wa tope ukutani kwake, usawa wa kitasa cha mlango, na chini yake mistari mingine mitatu ya miaka ya nyuma. Ramani yangu haikuwa na hata mmoja. Tulirudi na kamba na chaki, tukaipima nyumba kwa nyumba pamoja na wenyeji, tukachora upya.

Uwanja wa mpira tukauchimba ukawa kama bakuli. Siku za kawaida watoto wanacheza. Mvua ikija maji yanakaa humo hadi bahari ipwe. Rotterdam, Uholanzi, wanao uwanja wa namna hii, Benthemplein, uliofunguliwa 2013, unaoshika hadi lita milioni 1.7. Muhimu: wekeni kidaka-tope, yaani shimo la kunasa tope na taka, pale maji yanapoingilia, na mfuniko wake uwe mwepesi, watu wawili wauinue. Wa kwetu ulikuwa mzito, hakuna aliyeufungua, tope na chupa za plastiki vikaziba kila kitu.

Mikoko nayo ilitufundisha. Tulipanda miche kwenye tope tupu, chini mno, ikafa karibu yote kwa kuzama muda mrefu. Mizizi yake inahitaji hewa, hivyo mikoko hukaa sehemu ya juu ya eneo la kupwa na kujaa. Baadaye tulifungua tu mkondo wa zamani uliozibwa na barabara, mbegu zikaletwa na maji zenyewe, zikashika.

Ukuta, kama si lazima kabisa, uacheni. Wimbi likiugonga huchimba mchanga wa miguuni pake, na jirani aliye mwisho wa ukuta ndiye anayeliwa ufukwe.

Bamvua lijalo piga picha saa maji yamefika juu kabisa na saa yamekupwa, uziweke hapa tuzitazame pamoja.